Macho ya Kuazima: Historia ya Karatasi Zinazouza Magari ya Japani

Karatasi yenyewe ni ya kawaida, ukurasa mmoja uliojaa Kijapani kilichoandikwa kwa mkono na kwa haraka. Kwenye kona ya juu kuna alama kubwa: 4, au 3.5, au herufi R. Jirani yake kuna herufi nyingine, B au C, inayohusu hali ya ndani. Chini kuna mchoro wa gari lililofunuliwa na kulazwa bapa, paa katikati, milango pande mbili, boneti mbele. Kwenye mlango wa nyuma kushoto pameandikwa A2. Kwenye bampa, U1. Ubavuni kulia, W2, na juu ya boneti, XX. Mtu wa Mwanza anayetaka Toyota IST anaipokea kwenye simu, anaikuza kwa vidole viwili, haelewi kitu, kisha anamtumia kijana wa mjini anayejua kuisoma. Jibu linarudi kwa ujumbe wa sauti: mlango una mkwaruzo wa kuonekana, bampa limebonyea kidogo, ubavu uliwahi kunyooshwa na kupigwa rangi, na boneti siyo ya kiwandani, imebadilishwa.

Mkaguzi aliyeandika A2 hakuwa na habari na Mwanza. Alisimama kwenye uwanja wa mnada, pengine Noda katika mkoa wa Chiba, pengine Nagoya, akimwandikia mwenye yadi wa Kijapani ambaye angenunua gari hilo bila kuligusa. Kabla ya karatasi yake kulikuwa na nyingine ya serikali ya Japani, na baada yake zingefuata za Kenya au Tanzania. Ukizipanga kwa tarehe za kuzaliwa kwake, linajitokeza jambo ambalo wauzaji hawalitaji: kila moja ilibuniwa kujibu swali la mtu fulani, na mtu huyo hakuwa mnunuzi wa Afrika Mashariki. Yeye amekuwa akiziazima tu.

Desturi ya kukagua chombo kwa niaba ya mtu asiyekiona ni kongwe kuliko injini. Mwaka 1760 wafanyabiashara wa bima waliozoea kukutana kwenye mkahawa wa Lloyd jijini London waliunda chama cha kuorodhesha meli. Wakaguzi wao waliipa kila meli herufi: A, E, I, O au U kwa hali ya mwili wake, na G, M au B kwa hali ya vifaa. Baadaye herufi za vifaa ziligeuzwa namba, na meli ya kutamaniwa ikawa A1. Mwishoni mwa karne ile ya 18 ukaja utaratibu mpya uliotazama zaidi umri wa meli na mahali ilipoundwa, ukizipendelea zile za mto Thames. Wenye meli walikasirika, na mwaka 1799 wakaanzisha daftari lao. Kwa miaka 35 London ikawa na vitabu viwili vya sifa za meli, hadi vilipounganishwa mwaka 1834. Waliogombana walikuwa wanatazama vyombo vilevile. Walichotofautiana ni nani amtume mkaguzi.

Japani ilianza na usalama wa barabarani. Sheria ya mwaka 1951 kuhusu magari ndiyo msingi wa ukaguzi wa lazima ambao Wajapani huuita shaken. Gari jipya la binafsi lilipewa miaka miwili kabla ya kurudi kukaguliwa. Mwaka 1983 muda huo ukawa mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili. Hadi 1995 gari lililozidi miaka kumi lilipaswa kukaguliwa kila mwaka. Ukijumlisha kodi ya uzito, bima ya lazima na matengenezo, gharama mara nyingi huvuka yeni laki moja. Mwenye gari la miaka saba hupiga hesabu akaona heri alitoe kuliko kulilipia tena. Hapo ndipo yanapotoka magari yetu mengi: yamefikia tarehe ya shaken yakiwa bado na nguvu zake.

Muuzaji anayejisifu kwamba gari lake lilipita shaken hasemi uongo, ila anasema kidogo kuliko mnunuzi anavyosikia. Ukaguzi ule ulithibitisha kwamba siku ile breki zilishika, taa zilimulika inavyotakiwa na moshi haukuzidi kipimo. Gia boksi ingedumu muda gani halikuwa swali la serikali.

Swali la bei lilipata mtu wake mwaka 1966, kilipoanzishwa chombo cha kuthamini magari kinachojulikana kwa ufupisho wa JAAI. Mthamini mwenye leseni huanza na bei ya kawaida ya aina hiyo ya gari, halafu anaongeza au kukata pointi, na pointi moja ni sawa na yeni 1,000. Mkwaruzo ukawa na bei yake, tena inayolingana Osaka na Sapporo.

Lakini karatasi inayozunguka leo kwenye simu za watu wa Dar es Salaam na Mombasa ni mtoto wa mnada. Minada ya Japani ni ya wafanyabiashara peke yao. Mtu wa mtaani haingii. USS, iliyoanzishwa mkoani Aichi mwaka 1980, ndiyo iliyokua ikazipita nyingine zote, na kwenye uwanja wake wa Noda, siku ya Alhamisi, magari zaidi ya 10,000 yanaweza kupigwa mnada kwa siku moja. Wanunuzi hukaa kwenye viti kama wanafunzi wa chuo, macho kwenye skrini, kidole kwenye kitufe, na gari moja humalizika kwa sekunde chache. Hakuna anayeweza kwenda kufungua boneti elfu kumi. Lazima mtu mwingine awe ameshafungua, na awe ameandika.

Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya Aucnet ilikwenda mbali zaidi: ikauza magari bila kuyaleta mnadani. Wafanyabiashara walipelekewa picha kwenye diski za leza, wakashindana bei kutoka ofisini kwao. Baadaye kazi hiyo ikafanywa kwa setilaiti. Gari lilibaki kwenye yadi ya mwenye nalo, na mkaguzi ndiye aliyelifuata. Hapo ukaguzi uliacha kuwa msaada kwa biashara ukawa biashara yenyewe, kwa sababu mnunuzi hakuwa na kitu kingine cha kushika. Mwaka 1996 ikazaliwa AIS, kampuni ya kazi hiyo ya ukaguzi tu.

Mchumi wa Marekani George Akerlof alikuwa ameshaeleza mwaka 1970 kwa nini soko kama hilo lingekufa bila mkaguzi. Makala yake juu ya magari yaliyotumika ilikataliwa na majarida matatu kabla ya kuchapishwa, kisha ikachangia kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Hoja yake ni kwamba mnunuzi asiyeweza kutofautisha gari zima na bovu atatoa bei ya katikati. Mwenye gari zima ataona anaonewa, aliondoe. Sokoni yatabaki mabovu, na bei itashuka tena. Dalali yeyote wa Kinondoni anaijua hoja hiyo bila kusoma jarida, ila yeye huimaliza kwa kusema watu wamechoka kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Namna mkaguzi wa mnada anavyofanya kazi inafaa kutazamwa kwa karibu, maana ndiye shahidi anayenukuliwa kuliko wote. Analizunguka gari akiwa na tochi na kioo cha mpini mrefu. Anapitisha macho kwenye mistari ya milango, kwa kuwa mlango uliowahi kutolewa haurudi sawasawa. Anatazama boti za boneti na za fenda: rangi ikiwa imechubuka kwenye kichwa cha boti, spana imepita hapo. Anainama kuchungulia chesisi, anainua zulia la buti, anaonja hewa ya ndani kama ina harufu ya sigara au ya ukungu. Anawasha injini, anasikiliza. Kisha anaandika. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, B ni vyote viwili pamoja, W ni ukarabati unaoonekana kwa jicho lililozoea, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, Y ni ufa, X ni kinachohitaji kubadilishwa, XX ni kilichobadilishwa. Namba inayofuata ni ukubwa wa dosari. Ile R ya juu inamaanisha kwamba mifupa ya gari, yaani nguzo, chesisi au sehemu zinazolibeba, iliguswa na ajali na kutengenezwa.

Asichofanya ni kuliendesha barabarani. Shokapu zinazogonga kwenye matuta, gia inayochelewa kushika injini ikishapata moto, feni inayogoma kwenye foleni, hayo hayaonekani kwenye gari lililosimama. Wala hayakumsumbua sana msomaji aliyekusudiwa. Mwenye yadi wa Kijapani ana gereji yake, ana wakala wa vipuri jirani, na ndani ya siku chache baada ya mnada anaweza kulalamika kwa wenye mnada akasikilizwa. Anajua pia kwamba mnada huu una mkono mwepesi wa kutoa 4 na ule una mkono mzito. Mtu wa Mwanza anapata namba ileile bila gereji, bila muda wa kulalamika na bila kujua tabia ya aliyeitoa.

Kwenye pwani yetu, kununua gari la mbali kulianza kwa ruhusa na wala si kwa ukaguzi. Tanzania ya Azimio la Arusha iliagiza magari kupitia Shirika la Magari la Taifa, na mwananchi wa kawaida alisubiri kibali zaidi kuliko alivyochagua rangi. Bajeti ya mwaka 1984 ilifungua mlango kwa wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Kenya ililegeza uagizaji mwanzoni mwa miaka ya 1990. Japani na nchi hizi zote huendesha upande wa kushoto wa barabara, usukani ukiwa kulia, na bahati hiyo ya kihistoria ilitosha kuamua nani angemuuzia nani.

Ila kwa miaka mingi kati ya Japani na Dar es Salaam palikuwa na Dubai. Wafanyabiashara wa Zanzibar, Dar na Mombasa walipanda ndege kwenda kuyatazama magari yenye usukani wa kulia, ambayo kule hayasajiliwi kwa matumizi ya kawaida na yapo kwa ajili ya kupelekwa kwingine. Mwaka 2000 biashara hiyo ilijengewa eneo huru lake, DUCAMZ, huko Ras Al Khor. Ubora wa Dubai ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa mkubwa: mnunuzi alifika mwenyewe. Alichomoa kijiti cha oili, akafungua kifuniko cha injini kuona kama oili imegeuka nyeupe kwa kuingiliwa na maji, akamwambia Mpakistani mwenye yadi awashe tena.

Mwaka 1995 Japani ililegeza masharti ya kusafirisha magari yaliyotumika, na intaneti ikafuata kwa karibu. Be Forward ilianzishwa mwaka 2004, na haikuwa peke yake. Sasa mwalimu wa Singida aliweza kuona picha za gari moja kutoka kila upande, bei ikiwa imejumlisha meli na bima, akalipa kwa benki na kusubiri. Jina la kampuni hiyo lilizoeleka kiasi kwamba huko Malawi klabu kongwe ya soka ya Wanderers iliwahi kulibeba. Safari ya Dubai ikaanza kuonekana gharama ya bure. Kilichopotea pamoja nayo ni yule mtu wa kuchomoa kijiti cha oili, na nafasi yake ikachukuliwa na karatasi ya mnada.

Hapo serikali zikaingia, kila moja na swali lake. Kiwango cha Kenya kinachoitwa KS 1515 cha mwaka 2000 kiliweka usukani wa kulia, umri usiozidi miaka minane na vipimo vya ubora wa kutembea barabarani. Mwaka 2005 shirika la viwango la nchi hiyo, KEBS, lilianzisha mpango wa kuhakiki bidhaa huko zinakotoka, na magari yakawa yanakaguliwa Japani kabla ya kupakiwa, na kampuni kama JEVIC na baadaye QISJ. Gari hupandishwa kwenye mashine ya breki, namba ya chesisi husomwa na kulinganishwa na cheti cha kusafirisha, na mwezi wa usajili wa kwanza huhesabiwa kwa makini, kwa sababu gari la miaka minane na miezi kadhaa ni hasara tupu Mombasa. Uganda nayo mwaka 2018 ilipitisha sheria ya kuzuia magari yaliyozidi miaka 15.

Cheti cha ukaguzi huo wa kabla ya kupakia humlinda Mkenya anayevuka barabara, na ni haki yake. Mnunuzi lakini hukisoma kama dhamana ya bidhaa. Anayeagiza gari la R anaweza kulipata na cheti safi kabisa, maana chesisi iliyonyooshwa vizuri inapita kwenye mashine ya breki bila shida.

Tanzania ilionja upande mchungu wa ukaguzi wa mbali. Katika miaka ya 2011 na 2012 bungeni kuliibuka sakata la mawakala waliodaiwa kukagua magari nje ya nchi kwa niaba ya Shirika la Viwango, TBS. Wabunge walisafiri hadi Hong Kong na Singapore kuzitafuta ofisi hizo za ukaguzi, wakarudi na taarifa kwamba hawakuziona. Mkurugenzi mkuu wa shirika alisimamishwa kazi mwaka 2012. Waagizaji walikuwa wamelipa ada ya macho yaliyodaiwa kuwepo. Sakata hilo liliacha shaka isiyofutika kirahisi juu ya vyeti vya mbali, na ubishi wa wapi gari likaguliwe umekuwa ukirudi. Mwezi Aprili 2021 TBS ilihamishia ukaguzi Dar es Salaam, gari likishashuka melini. Hoja ya ajira na mapato kubaki nyumbani ilikuwa na nguvu. Hoja ya upande wa pili ni nyepesi kueleweka kwa mtu aliyelipa tayari: gari likionekana bovu Kurasini, halirudi Yokohama.

Machi 11, 2011 tetemeko na tsunami viliharibu mtambo wa nyuklia wa Fukushima, na ghafla ukaguzi ukaongezewa swali ambalo hakuna fundi aliyewahi kuulizwa. Wafanyakazi wa bandari za Japani walitaka magari yapimwe mionzi kabla hawajayagusa. Urusi ilirudisha magari kadhaa. Kenya ikaingiza kipimo cha mionzi kwenye ukaguzi wa kabla ya kupakia. Kifaa kidogo cha kushika mkononi kikapitishwa juu ya vioo, matairi na vichujio vya hewa vya magari ambayo rangi na injini zake hazikuwa na dosari yoyote.

Kilomita nazo zina historia yake. Odometa ilikuwa rahisi kurudishwa nyuma, na soko la mbali lilikuwa mahali pazuri pa kuuzia uongo huo. Japani ilijibu kwa kumbukumbu: tangu mwaka 2004 usomaji wa odometa huandikwa kwenye cheti cha shaken, na minada huweka daftari la kulinganisha. Gari lisilo na kilomita za kuaminika hupewa alama yake kwenye karatasi ya mnada. Tatizo likahamia kwenye karatasi. Siku hizi R hugeuzwa 4 kwenye kompyuta, na kilomita 168,000 zikawa 68,000 kwa kufuta tarakimu moja. Ndipo ilipozuka biashara nyingine, ya kutafuta karatasi halisi kwa namba ya chesisi kwenye kumbukumbu za minada, kwa ada ndogo. Karatasi ya ukaguzi imepata wakaguzi wake.

Na wapo wengi ambao hawaagizi Japani kabisa. Wako Bukoba, Mbeya au Kigoma, na gari wanalolitaka liko kwenye yadi ya Dar es Salaam, limeshatoka bandarini, linang'aa. Kwao umbali ni wa basi, siyo wa meli, ila hawana muda wa kusafiri, kwa hiyo humtuma fundi. Katika mlolongo huu mrefu fundi ndiye mkaguzi wa kwanza anayelipwa na mnunuzi mwenyewe. Anauvuta mkanda wa kiti hadi mwisho, kwa sababu gari lililozama kwenye mafuriko huoshwa kila mahali isipokuwa pale ambapo mkanda hujikunja. Tope likionekana kwenye utepe, mazungumzo yamekwisha. Anasoma alama ndogo ya mwaka kwenye kila kioo, na kioo kimoja kisichofanana na wenzake kinamfanya aulize upande ule uligongwa na nini. Halafu anafanya kile ambacho mkaguzi wa Noda hakukifanya: analiendesha, analipitisha kwenye matuta, anazima redio.

Madalali wanajua uzito wa fundi huyo, na wapo wanaompa ya soda ili aseme gari liko sawa. Mnunuzi mzoefu humtumia fundi malipo yake yote kabla hajafika kwenye yadi, hamtajii muuzaji jina lake, na humtaka apige simu ya video akiwa chini ya gari.